Finjani Mama Aliyoiweka Chini

Kaka yangu mpenzi Hamdan,

Salamu nyingi zikufikie huko Bremen, pamoja na harufu ya moshi kama karatasi hii imeweza kuishika, maana naandika nikiwa nimekaa karibu na moto wa Mama. U hali gani? Kile kikohozi kimekwisha au bado unakinywea dawa za dukani na kujifanya daktari? Sisi huku tu wazima, tunamshukuru Mungu. Mbuzi wamezaa vizuri mwaka huu. Binti yangu Jawaher ameng'oka meno ya mbele, na kila akimwita mjomba wake Salman anamwogesha mate. Mama naye yupo, anatembea, anagomba, anapika. Kichwa tu kinamuuma, na sababu yake ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Najua utasema, Wadha ana simu, barua ya nini? Kaka, nisamehe, lakini wewe kwenye simu hufai. Unajibu kabla hujaulizwa, na ukikasirika unakata, kisha baadaye unasingizia mtandao. Karatasi huwezi kuikatia. Unaweza kuichana, lakini nakujua, utaviokota vipande. Mwisho wa barua hii kuna neno moja ninalolitaka kutoka kwako. Usirukie mwisho. Soma kama mtu mzima.

Unakumbuka mpango wetu wa kumhamishia Mama Akaba kwa Salman. Sote watatu tulikubaliana kwamba tangu alipougua kifua wakati wa baridi haifai kukaa peke yake kule mwisho wa kijiji, yeye na mbuzi wake. Tatizo lilikuwa nani atamwambia. Ndipo Salman akaja na ujanja wake: tumtoe Mama siku nzima, tukaparamie miamba kama zamani, ale, acheke, na ikifika wakati wa kahawa yeye Salman ataiweka finjani yake chini mbele ya Mama bila kunywa. Mama atalazimika kuuliza haja yake na kuitimiza. Wewe ulicheka kwenye simu mpaka ukapaliwa, ukasema hapo bibi huyu ameshikwa.

Na kweli nani angebisha? Tumelelewa na yule Baba aliyewekewa finjani na mzee wa Disi, naye bila hata kungoja kusikia haja akasema, "Kunywa kahawa yako, imekwisha." Haja yenyewe ikawa ni yule ngamia jike mwekundu. Mama hakusema naye wiki nzima, lakini ngamia alikwenda. Finjani ikishawekwa chini ndiyo hivyo, wa kuirudisha hayupo.

Basi Ijumaa tukatoka, mimi na Jawaher, Salman na mkewe Thuraya, na Mama mbele ya pikapu akiwa amepakata mfuko wa unga kama mtoto mchanga. Salman alitaka twende kule kwenye vilima vya mchanga, kuna kivuli, miamba yake ni ya wazee na wajawazito. Mama hakumwangalia hata. Akasema, "Umm Ratam."

Ndilo jabali lenyewe. Wewe unajua, kaka. Tangu Baba afie juu ya jabali lile, Mungu amrehemu, hakuna hata mmoja wetu aliyelikanyaga. Hata njia tulikuwa tunazungukia upande mwingine. Salman akanitazama kwenye kioo, nami nikainua mabega. Nilidhani amemkumbuka tu Baba, nikasema moyoni, haya, kama anataka kumwaga machozi kabla ya kuhama, ni haki yake.

Chini ya jabali Mama alivua kandambili zake, akazifunga kwa mtandio mgongoni, akaanza kupanda peku. Salman wetu yeye alikuwa amenunua viatu vya kupandia milima, vyenye soli nene, na tulikuwa tumezisikia sifa zake njia nzima. Mwamba wa kwanza tu, mwenye mteremko mdogo ambao sisi tulikuwa tukiukimbilia tukiwa watoto, akateleza, akashuka kwa makalio mpaka miguuni kwa mkewe. Mama aligeuka juu kule, akamwangalia, akasema, "Mwanangu, umevaa matairi, umesahau injini." Thuraya alicheka akakaa chini. Salman alisema mchanga ulikuwa umeingia kwenye soli. Mama akamjibu kwamba huo mchanga ulikuwepo tangu babu yake, na babu yake hakuanguka.

Nisikufiche, nami mwili umenizidi. Pale kwenye ufa mwembamba, unapopita ubavu ubavu, nilikwama. Mkono mmoja juu, mmoja sijui uko wapi, pua iko kwenye jiwe. Jawaher ameshapita zamani, anachungulia kutoka juu ananiuliza, "Mama, umelala?" Na Mama yetu anasema kwa utulivu kama mtu anayekanda unga, "Wadha, mwamba haukuli. Weka mguu, usiuombe radhi." Nikaweka. Nilipotokea upande wa pili nilikuwa natetemeka na kucheka kwa pamoja, na nikakumbuka kwa nini tulikuwa tukilipenda jabali lile. Jua lilikuwa bado la asubuhi, jiwe halijapata moto, na upepo unakupiga shingoni pale pale unapoanza kutoka jasho. Jamani, nilikuwa nimeisahau furaha hiyo.

Kuna jambo moja niliona, nikalipuuza. Unapakumbuka pale chini ya ule ubao wa mwamba, mahali pagumu ambapo Baba alikuwa akituinua kwa kwapa mmoja mmoja? Nilikuwa nikiwaza tutampandishaje Mama. Kumbe pana jiwe kubwa bapa, limekazwa kwa vijiwe vidogo, zuri kabisa, kimo cha mguu wa mwanamke mfupi. Mama alikanyaga bila kutazama. Sisi wengine tulitazama, yeye hakutazama. Nikasema labda wachungaji wameliweka.

Juu pale hapajabadilika. Mtini mwitu umenenepa, umetoka kwenye ufa ule ule na kivuli chake kinafika kwenye ukuta wa mwamba. Mama aliuweka mkono kwenye shina kidogo tu, kisha akauliza unga uko wapi. Akakanda, akafukia mkate kwenye majivu, na ulipoiva akaukung'uta kwa mtandio mpaka Thuraya akakohoa. Tulikula na samli na nyanya, vidole vinaungua. Mama alimwuliza Thuraya kama mkate wa Akaba unaoletwa kwenye mfuko wa plastiki huwa una uhai au ni maiti, na Thuraya, ambaye ameshamzoea, akasema ni maiti lakini unakuja ukiwa umeoshwa. Tulivunjika mbavu. Jawaher akalala na kipande mkononi. Bonde lote liko chini yetu, mbuzi wa watu wanaonekana kama punje, na sisi tumekaa hatuna haraka ya kitu. Nikamwona Salman anajikohoza. Nikajua wakati umefika.

Akatoa dele la kahawa, akachochea makaa, akatia iliki. Alikuwa ameikariri hotuba yake, midomo inamcheza. Na hapo, kaka, ndipo mdogo wako alipoharibu kila kitu. Alipaswa aimimine finjani ya kwanza aionje yeye, kama mwenyeji yeyote aliyelelewa nyumbani. Angeishika, angeiweka chini, mambo yangekwisha. Lakini yeye kwa woga na adabu za mjini akamimina ya kwanza akampa Mama kwa mikono miwili.

Mama akaipokea. Akasema, "Umesahau finjani ya mwenyeji, mwanangu. Akaba imekusahaulisha." Kisha akaiweka chini, juu ya jiwe, katikati yake na Salman. Akaikunja mikono yake magotini.

Salman aliuliza kama imepoa. Mama akasema haijapoa. Akauliza kama ni chungu mno. Mama akasema kahawa ni chungu tangu iumbwe. Thuraya, maskini, alitaka kunyoosha mkono ambadilishie, nikamfinya paja. Hapo Salman ndipo alipotambua, akatoa macho. Akasema, "Lakini Mama, wewe si mgeni." Mama akamjibu, "Leo ni mgeni. Wewe ndiye uliyenialika, wewe ndiye uliyepika kahawa, nami nimefika kwa miguu yangu. Huniulizi?" Ikabidi aulize. Sauti ilimtoka kama ya mtu aliyesimama mbele ya kadhi: "Una haja gani, Mama?"

Mama alisema ameposwa. Hivyo hivyo. Alisema Auda, yule rafiki wa Baba tuliyezoea kumwita Ami, amemtuma dada yake, na amekuja kwa heshima, na yeye anapenda kukubali.

Kaka, usiikunje barua. Ngoja kwanza. Najua damu imekupanda, maana Salman naye ilimpanda, na neno lililomtoka lilikuwa neno lako. Alisema, "Ami Auda? Aliyemuua Baba?" Thuraya alifunika mdomo. Mimi nilidhani Mama atampiga kofi, lakini hakukasirika. Alimwangalia kwa huruma kabisa, akasema baba yenu hakuuawa na mtu, na kama mnataka wa kumlaumu yuko mbele yenu, hajanywa kahawa yake.

Haya ninayokuandikia sasa ameyasema Mama mwenyewe, na mimi siongezi chumvi. Alisema daktari alikuwa amewaambia wawili, yeye na Baba, kwamba moyo umekwisha, na kwamba kilichobaki ni kitanda cha hospitali na kungoja. Sisi hatukuambiwa kwa sababu Baba hakutaka kutazamwa kwa jicho lile. Kila jioni alikuwa anakaa mlangoni analitazama Umm Ratam. Alimwomba Ami Auda ampandishe, Ami Auda akakataa. Akamwomba tena, akakataa tena, akasema hatamsindikiza rafiki yake kifoni. Ndipo Mama akajifunga mtandio wake, akaenda mwenyewe hemani kwa Auda. Akapewa kahawa. Akaiweka chini.

Umesikia, kaka? Mama ndiye aliyeiweka. Ami Auda alilia mbele ya dada yake, lakini angefanya nini? Akamwambia, "Kunywa kahawa yako, mke wa ndugu yangu." Kesho yake alimpandisha Baba taratibu, pengine akimbeba mgongoni, mpaka pale kwenye mtini. Baba alikunywa chai huko. Alisema anaona mpaka upande wa Saudia. Akaegemea shina, akafa akiwa anatazama mbali, mahali alipopachagua.

Mimi nikamwuliza Mama, kwa nini basi siku ya matanga, Hamdan alipoukataa mkono wa Ami Auda mbele ya wanaume wote, hukusema? Nilikuwa nimepandwa na hasira, nakwambia kweli, si huruma. Hasira ya kwamba amelibeba jambo zito namna ile peke yake na mimi nakaa kijiji hicho hicho. Mama alisema alitaka kusema, alikuwa amesimama tayari. Lakini Ami Auda alikuwa amemtumia neno kabla: "Mwache. Kijana anahitaji mtu wa kumkasirikia. Akinikasirikia mimi, atabaki na mama." Basi akanyamaza. Kisha wewe ukasafiri, na kila ulipopiga simu aliogopa kwamba akilisema utakata, na hutapiga tena.

Salman alilia, kaka, na viatu vyake vipya. Alilia kama alivyolia siku alipochinjwa yule mbuzi wake mweusi. Alipopata sauti alimwambia Mama kwamba kwa upande wake angesema kunywa, lakini neno hili si lake, ni la mkubwa. Mama akasema anajua. Akaichukua ile finjani, kahawa akaimimina kwenye mzizi wa mtini, akasema hiyo ni ya mwenye jabali. Finjani tupu akaifunga kwenye ncha ya mtandio. Habari za kuhamia Akaba hakuna aliyethubutu kuzitaja.

Tulipokuwa tunashuka, nikafika kwenye lile jiwe bapa, nikasimama. Nikamwuliza Mama nani kaliweka. Alisema ni Auda, mwaka ule ule, baada ya kumwona anazunguka chini ya jabali hawezi kufika alipofia mumewe. Alilitengeneza jiwe kwa kimo cha mguu wake. Nikamwuliza kama huwa wanapanda pamoja. Akanikata jicho, akasema, "Una wazimu? Hajapanda nami hata siku moja. Yeye hukaa chini na ngamia wake, mgongo amelielekezea jabali, mpaka nishuke." Kaka, mimi nimeolewa, na namshukuru Mungu kwa mume niliyenaye, lakini hajapata kunipa mgongo kwa heshima namna ile.

Nilimwambia Mama kwamba mjane haombi ruhusa ya mtu, kadhi wa Akaba angewafungisha ndoa siku yoyote. Akasema hataki ruhusa ya kadhi, anataka ya mwanawe. Nikamwuliza, na akikataa? Alifikiri kidogo, huku anafuta vumbi miguuni. Akasema, "Nitazeeka bila kahawa."

Na anavyosema ndivyo anavyofanya! Tangu Ijumaa ile hajatia kahawa mdomoni. Mama yetu, ambaye alikuwa akinywa kabla ya sala na baada ya sala! Amejifunga kitambaa kichwani, anagombana na mbuzi, akipita mbele ya nyumba ya jirani wanapokaanga buni anasimama, anavuta pumzi, kisha anaendelea na safari. Watu wakimkaribisha anasema amefunga. Wanamwuliza amefunga nini mwezi huu? Anawaswaga mbuzi wake. Finjani iko dirishani, imefunikwa mdomo chini. Jawaher aliichukua juzi anywee maji, alipigiwa kelele ambazo nadhani Ami Auda alizisikia hemani kwake.

Mimi sitakufundisha la kufanya, wewe ni mkubwa. Lakini nitakwambia ninavyoona. Umechukia mtu kwa miaka yote hii kwa sababu ulimpenda Baba, na mtu huyo amekubali achukiwe kwa sababu naye alimpenda Baba, na alikupenda wewe. Hajapata kukutaja kwa ubaya. Kila akiniona ananiuliza tu, "Yule wa baridini, anavaa vizuri?" Namwambia anavaa, Ami. Namwambia hivyo hata nisipojua.

Salman anakusalimu, viatu anaviuza, kama una rafiki mwenye mguu wake. Thuraya anasema ukirudi atakupikia mkate wa majivu, na Mama anasema usimwamini. Jawaher amekuchorea jabali, hilo jeusi pembeni ni mimi nimekwama. Mume wangu anakuombea heri. Jivike koti, kaka, kula vizuri, na ule mkono ulioukunja siku ile uanze kuukunjua taratibu.

Sina la zaidi ila kulirudia lile neno ninalolitaka. Si lazima uandike barua. Piga simu, mimi nitapokea, na safari hii nitakuachia usikatizwe. Sema maneno yale ya kahawa nimpelekee Mama. Baba aliyasema kabla hajaijua haja. Wewe haja umeshaijua.

Makaa nimeyafunika majivu yasizimike. Dele liko pembeni.

Ni mimi dada yako,
Wadha

Mama amekuja kusimama nyuma yangu, ananiuliza mbona barua imekuwa ndefu hivi, nimeandika nini. Nimemwambia ni salamu tu. Amesema niongeze hili kwa mkono wangu, maana hataki kuonekana anakubembeleza: mwambie mwanangu akisema hapana, bado ni mwanangu, na aendelee kupiga simu.